Mandhari Haiui: Jinsi ya Kuusoma Mto, Mfereji na Ranchi katika Nchi Kame

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, makala haya yanahusu kosa moja ambalo aghalabu huonekana dogo. Hujitokeza kila mara wanafunzi wanapoulizwa kuhusu mandhari ya nchi kame. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kifungu nilichokitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi. Kifungu chenyewe ni hiki:

Jua lilikuwa limesimama juu ya utosi. Upande huu wa waya Mzee Jilo alikuwa ameketi chini ya mgunga, fimbo imelala magotini. Ng'ombe wake sita walikuwa wameelekeza pua upande wa pili, ambako maji yalikuwa yakipita mferejini bila haraka, yakimeta. Zamani njia ya kuendea mto ilipita papa hapa; kwato za mifugo ziliichimba ardhi hata mvua ikaigeuza kijito. Sasa njia ile ilikoma kwenye nguzo. Mlinzi alisogea, akavua kofia. "Shikamoo mzee. Mwaka huu kiangazi ni kibaya." Mzee hakujibu upesi. Aliutazama mfereji, akamtazama ng'ombe mmoja aliyekuwa amepiga magoti. "Marahaba mwanangu," alisema hatimaye. "Kiangazi hiki nakifahamu. Tumezeeka pamoja. Mgeni ni huu waya."

Swali lilikuwa: "Eleza jinsi mandhari ilivyotumiwa katika kifungu hiki." Jibu lililojirudia darasa zima lilikuwa la aina hii: "Mandhari ni ya jangwa. Kuna mto, mfereji na ng'ombe. Mzee anateseka kwa sababu ya ukame." Nilipowapa alama chache, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kwani ni uongo?"

Swali lake lilikuwa la haki. Jibu langu ni kwamba jibu lile si uongo mtupu, ila limemtwika mshtakiwa asiye na hatia mzigo wote. Mzee mwenyewe anasema kwamba kiangazi anakifahamu na kwamba mgeni ni waya. Mwanafunzi amesoma kifungu kizima, kisha akarudia maneno ya mlinzi. Ameilaumu hali ya hewa kwa jambo lililotendwa na watu.

Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba mandhari ya mto, mfereji na ranchi huwa ni kumbukumbu ya matendo ya watu, na kwamba msomaji asiyeyatafuta matendo hayo hupotoshwa. Tutaanza na maana ya mandhari, kisha tuingie katika historia ya nchi yetu ya miaka ya 1950, ambako upotoshaji wa namna hii uliwahi kufanywa rasmi. Mwisho tutarudi kwenye karatasi ya mtihani.

1. Mandhari ni nini?

Wanafunzi wengi hukariri kwamba mandhari ni "mahali na wakati ambapo matukio hutokea." Fasili hii ni sahihi lakini haitoshi. Mandhari hujumuisha mambo matatu: mahali, wakati na hali ya kijamii. Jambo hili la tatu ndilo husahaulika. Mahali hapana maana kifasihi mpaka tujue ni nani anayepatawala, ni nani anayepafanyia kazi na ni nani asiyeruhusiwa kupakanyaga.

Tuchukue mfereji kuwa mfano. Mto haujichimbii mfereji. Ili maji yatoke mtoni yafike shambani, sharti kuwe na mahali yanapochepushwa, mfereji mkuu, kisha vijifereji vya kuyagawa katika majaruba. Maji hufuata mkondo, nao mkondo huo hupimwa na mtu. Anayelima karibu na chanzo hupata maji kwanza. Anayelima mwisho wa mfereji hupata yaliyobaki, na mwaka wa kiangazi huenda asipate hata tone. Kwa hivyo kila mfereji una uongozi ndani yake: kuna aliyeuamuru, aliyeuchimba, anayefungua na kufunga, na anayengoja. Mwandishi anapoutaja mfereji amekwisha kututajia mamlaka, hata kama hajalitumia neno hilo.

2. Jangwa au nyika?

Kabla hatujaendelea, tuangalie msamiati. Wanafunzi huita kila penye ukavu "jangwa". Jangwa ni mahali pakavu mno, ambapo mimea ni haba sana, mathalani Chalbi kule Marsabit. Sehemu kubwa ya nchi kavu ya Kenya, kama vile bonde la Tana ukiacha kingo za mto, ni nyika, yaani nchi ya vichaka, migunga na nyasi za msimu. Nyika ina wenyewe. Ina njia za mifugo, visima na majina ya mahali.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Neno hubeba msimamo wa msemaji. Watu wa mwambao waliwahi kuwaita majirani zao wa bara, Wamijikenda, kwa jina la Wanyika, na jina hilo lilikuwa na dharau ndani yake. Vivyo hivyo, afisa wa kikoloni aliyeiita ardhi "tupu" alikuwa anaandaa njia ya kuichukua, kwa kuwa kitu kitupu hakina mwenyewe wa kuulizwa.

Ukweli ni kwamba unyunyiziaji haukuletwa na wakoloni. Wamarakwet wa Bonde la Kerio wana mifereji inayoteremka kutoka kwenye mteremko mkali hadi mashambani, na mifereji hiyo imedumu kwa karne kadhaa. Huchimbwa na kukarabatiwa kwa ushirikiano wa koo, na maji hugawanywa kwa zamu. Wailchamus wanaoishi karibu na Ziwa Baringo walikuwa na mifereji yao katika karne ya 19. Kwenye Mto Tana, Wapokomo wamelima kingo za mto kwa kufuata mafuriko, nao Waorma wameleta mifugo yao mtoni wakati wa kiangazi kupitia njia maalumu ziitwazo malka. Mkulima na mfugaji walihitaji mto mmoja, nao walikuwa na desturi za kuutumia. Basi mtahiniwa akikutana na neno "tupu" katika maelezo ya mandhari, na ajiulize: ni nani anayelisema?

3. Kutoka River Road hadi Hola

Sasa tuingie katika historia. Mwanafunzi wa Nairobi hudhani kwamba mifereji ya nyikani haimhusu. Ninapofundisha mada hii huanza na mfereji wa maji ulio karibu naye. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililo kwenye Mto Thika, nao Mto Thika huingia katika Mto Tana. Mtoto wa Kangemi au Kawangware anayejaza mtungi bombani hunywa maji ambayo yangeishia Tana.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini. Huanzia katika milima ya Nyandarua, hupokea maji ya Mlima Kenya, huzunguka ukapita katika nyika ya Garissa na Hola, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mito Thiba na Nyamindi, inayonywesha mpunga wa Mwea, ni ya mfumo huohuo.

Mnamo tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari ili kuwazima wapiganaji wa Mau Mau. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Watu walikamatwa mitaani, vyumbani na kazini, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa. Walipitishwa Lang'ata, wengi wao wakapelekwa Mackinnon Road na Manyani, kwenye nyika iliyo kando ya reli ya Mombasa.

Ni katika miaka hiyohiyo ambapo miradi mikubwa ya unyunyiziaji ilianzishwa: Mwea, Perkerra karibu na Marigat huko Baringo, na Hola kwenye Mto Tana. Mingi ya mifereji ya miradi hiyo ilichimbwa na wafungwa wa kizuizini. Waliokamatwa katika vichochoro vya jiji walijikuta wameshika sururu katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Hapa pana jambo ambalo mwandishi wa riwaya angelitamani: maji waliyokuwa wakiyachimbia njia kule Hola yalikuwa yametoka katika milima ya kwao, Nyandarua na Kirinyaga. Mto uliwafuata kifungoni.

4. Gari la maji

Kambi ya Hola ilitengewa wale walioitwa wakaidi, yaani waliokataa kukiri kiapo na kushirikiana na serikali. Walikataa kazi ya kulazimishwa. Walijihesabu kuwa wafungwa wa kisiasa ambao hakuna mahakama iliyowahukumu kuchimba mifereji.

Mnamo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 walitolewa kambini wakapelekwa penye kazi ya mfereji. Mpango uliokuwa umetungwa na wakuu wa magereza uliruhusu watumiwe nguvu ili wafanye kazi. Walipokataa, walinzi waliwapiga kwa marungu. Watu 11 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa.

Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini? Ilieleza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji lililokuwa likitumiwa na kikosi cha kazi. Kwa msomaji wa gazeti, maelezo hayo yalikuwa na mantiki yake. Hola ni mahali pa joto kali, watu walikuwa juani wakichimba, walikuwa na kiu, wakanywa maji, wakafa. Mandhari ndiyo iliyowaua!

Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo. Habari zilifika katika bunge la Uingereza, na mjadala wa Julai 1959 uliiaibisha serikali ya London hata kutoka kwa wabunge wa chama chake yenyewe. Hola imetajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa mambo yaliyoharakisha kufungwa kwa kambi na mwisho wa utawala wa kikoloni nchini. Serikali ya kikoloni ilibadilisha jina la mahali pale, Hola ikaitwa Galole. Baada ya uhuru jina la Hola lilirudi, ingawa Galole limebaki kuwa jina la eneo bunge. Leo mjini Hola kuna shule ya upili inayobeba kumbukumbu ya Mau Mau katika jina lake.

Mwalimu, itazame taarifa ile kwa jicho la mhakiki. Kwanza ina kinaya kikali: maji, ambayo ni uhai, yanashtakiwa kwa kuua, tena penye kazi ya kuyaleta maji. Pili, mtenda ameondolewa katika sentensi: watu "wamekufa", hakuna "aliyewaua". Tatu, mandhari imefanywa mhusika mwovu ili wahusika halisi wajifiche nyuma yake. Nne, jina la mahali limefutwa ili kumbukumbu nayo ifutike. Hizi ni mbinu za usimulizi. Zilitumiwa na serikali kabla mwanafunzi wetu hajazaliwa, naye anapoandika kwamba "mzee anateseka kwa sababu ya ukame", bila kukusudia anafuata nyayo za taarifa ile.

Ndiyo maana nasema mandhari haiui. Ukame upo, nao ni mkali. Mto hufurika na kiangazi huangusha mifugo. Lakini mara nyingi katika fasihi, kama katika maisha, kati ya kiangazi na kifo husimama mtu mwenye funguo, rungu au hati ya ardhi. Kazi ya mhakiki ni kumtafuta mtu huyo.

5. Ranchi: mandhari yenye uzio

Baada ya mfereji, tuitazame ranchi. Mfugaji wa kuhama anahitaji mambo mawili: malisho mapana wakati wa mvua na mto au kisima wakati wa kiangazi. Ukimwachia malisho ukamfungia mto, umemfungia yote mawili. Ranchi ni ufugaji wa aina nyingine: ardhi imepimwa, imezungushiwa waya, ina hati na mmiliki, na ng'ombe wake hulengwa soko. Katika Kenya ya katikati ya karne ya 20 soko hilo lilikuwa na taasisi yake, Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950 na kujenga kiwanda chake Athi River, mwendo mfupi kutoka Nairobi.

Ranchi nyingi zilikuwa na historia ya uhamisho nyuma yake. Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kati ya 1911 na 1913, ingawa mkataba wa 1904 ulikuwa umewatengea ardhi hiyo, nafasi yao ikachukuliwa na walowezi wafugaji. Katika nyika iliyo kati ya Tana na Mto Galana, ardhi iliyokuwa mawindo ya Wawaata na malisho ya Waorma ilifanywa ranchi ya Galana katika miaka ya 1960, yenye zaidi ya ekari milioni moja. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilizindua huko mradi wa kulima mahindi kwa maji ya mfereji. Kwa hiyo mahali pamoja pamekuwa mawindo, malisho, ranchi na shamba. Swali la nani anayanywa maji limebaki palepale.

Hata uhuru haukulimaliza swali hilo. Wakulima wa Mwea, waliopewa ekari 4 kila mmoja, waliendelea kuwa wapangaji chini ya Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji iliyoundwa mwaka 1966. Walitakiwa kuuza mpunga wao kupitia Bodi hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 waliukataa usimamizi huo. Kule Hola, mwaka 1989 Mto Tana ulibadilisha mkondo, maji yakauacha mradi na mashamba yakakauka kwa miaka mingi. Kwenye Delta ya Tana, mapigano kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 yaliua zaidi ya watu mia moja. Magazeti yaliandika kwamba ni vita vya maji na malisho. Je, maji yaliwahi kupanga vita? Mhakiki anapaswa kuuliza njia za malka zilizibwaje, na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia zilichangia nini.

6. Mfano kutoka riwaya teule

Mtahiniwa anaweza kusema kwamba hii ni historia, naye anasoma fasihi. Tuitazame basi Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, riwaya iliyotahiniwa kuanzia 2013 hadi 2017 na ambayo walimu wengi bado huitumia kufunza uhakiki. Amani ni kijana mwenye elimu na kipaji cha uandishi, lakini Sokomoko anaajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Msomaji wa haraka ataona mandhari ya mashambani: malisho, ng'ombe, mto. Msomaji makini atauliza ng'ombe hawa wanalishwa kwenye ardhi ya nani, na Mtemi aliipataje. Riwaya inajibu: hila na hati za kughushi. Malisho yale mazuri ni ushahidi wa dhuluma kabla Mtemi hajafungua kinywa.

Kuna pia Mto Kiberenge, ambao watu wa Sokomoko hawanywi maji yake kwa sababu ya mwiko. Amani na Imani wanayanywa. Mwanafunzi akiandika kwamba mto huu ni "sehemu ya mandhari" ameandika nusu ya jibu. Maji yenyewe hayana hila. Kinachowazuia watu ni simulizi juu ya maji, na vijana hawa wawili wanapoyanywa wanaivunja simulizi hiyo. Mto unakuwa ishara ya mwamko. Linganisha na gari la maji la Hola: kule simulizi ya uongo ilisema maji yameua, huku simulizi ya mwiko imeyafanya maji yaogopwe. Katika mifano yote miwili anayetafuta ukweli sharti aiulize simulizi kabla ya kuyashtaki maji.

7. Maswali manne ya kumwongoza mtahiniwa

Ili mwanafunzi asirudie kosa la jangwa na ukame, mfundishe kuiuliza mandhari maswali manne.

(a) Nani aliitengeneza? Mfereji, ukuta, uzio, njia na bwawa vyote vina mikono nyuma yake. Ilikuwa mikono ya hiari, kama ya Wamarakwet, au ya kulazimishwa, kama ya Hola?

(b) Nani anafaidika? Fuata maji mpaka yanakoishia. Fuata ng'ombe mpaka sokoni. Hapo ndipo utakapoiona dhamira.

(c) Nani amezuiwa? Tafuta njia iliyokoma, kisima kilichofungwa, mtu aliyesimama nje ya waya. Mhusika wa namna hii ndiye hubeba mgogoro.

(d) Nani anaielezea, na kwa jina gani? Jangwa, nyika, malisho, shamba na ranchi vinaweza kuwa majina ya mahali pamoja. Anayechagua jina anadai haki juu ya mahali hapo.

Sasa turudi kwa Mzee Jilo. Jibu lililoboreshwa linaweza kuwa hivi:

"Mwandishi ametumia mandhari ya nyika wakati wa kiangazi kuendeleza maudhui ya unyang'anyi wa ardhi. Njia ya zamani iliyochimbwa na kwato inaonyesha kwamba jamii ya mzee iliutumia mto kwa muda mrefu. Nguzo na waya vinavyoikatiza njia hiyo ni ishara ya mamlaka mapya. Mfereji unaometa upande wa pili unajenga kinaya, kwani maji yanaonekana ilhali hayafikiki. Mlinzi anakilaumu kiangazi, lakini mzee anamsahihisha kwa kuuita waya mgeni. Kupitia mazungumzo hayo mandhari imetumiwa kufichua tofauti ya mitazamo ya wahusika: mlinzi ana adabu ila amekubali maelezo ya mwajiri wake, naye mzee ana busara na kumbukumbu."

Tazama kwamba jibu hili halikutumia maarifa yoyote yasiyo kwenye kifungu. Halikumtaja Baring wala Hola. Mtahiniwa asijaze karatasi yake historia ambayo haikuulizwa. Historia inamsaidia kujua la kutafuta, kisha ushahidi autoe katika matini. Kila hoja iwe na sehemu tatu: kipengele cha mandhari, mahali kinapojitokeza, na kazi kinayoifanya katika maudhui, wahusika au mtindo. Hoja isiyokuwa na sehemu ya tatu ni orodha tu, na orodha haimpatii mtahiniwa alama za maana.

8. Nafasi ya mwalimu

Mwalimu aliye Nairobi hahitaji fedha za safari ndefu ili kuifundisha mada hii. Katika Bustani ya Uhuru ipo sanamu ya kumbukumbu ya waathiriwa wa mateso ya enzi ya Hali ya Hatari, iliyozinduliwa Septemba 2015. Ilitokana na makubaliano ya mwaka 2013, ambapo serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228. Ukitoka hapo unaweza kutembea hadi Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iliyo Moi Avenue, kisha ukashuka hadi River Road. Wapeleke wanafunzi wako Jumamosi moja. Waambie wasimame River Road na waitazame kama mandhari: nani aliijenga, nani anafaidika, nani amezuiwa, nani anaielezea. Kisha waambie kwamba alfajiri moja ya Aprili 1954 watu walitolewa katika mitaa hii na baadhi yao wakaishia kuchimba mfereji kandokando ya Tana. Baada ya hapo hawataandika tena kwamba "kuna mto na mfereji" wakaweka nukta.

Nilipomaliza kulieleza darasa langu habari za gari la maji, yule mwanafunzi aliyeuliza "kwani ni uongo?" alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa hivyo mwalimu, mlinzi naye alidanganywa." Nilimwambia aliandike. Hiyo ilikuwa hoja ya saba, ambayo mimi mwenyewe niliyekitunga kifungu sikuwa nimeiona.

Zoezi

1. Chagua kazi yoyote ya kinathari uliyoisoma. Bainisha kipengele kimoja cha mandhari kilichotengenezwa na binadamu, kisha ueleze jinsi kinavyoendeleza mgogoro. (alama 10)

2. "Aghalabu wahusika wenye mamlaka huilaumu mandhari kwa makosa yao." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea riwaya au tamthilia teule. (alama 20)

3. Tunga kifungu cha maneno yasiyozidi 150 kinachoelezea mahali penye maji na watu wawili, mmoja akiwa na haki ya kuyanywa na mwingine akiwa hana. Usitumie maneno "dhuluma", "haki" wala "ukame". (alama 10)